Mnyororo wa Mlango wa Nyuma

Jumatatu, 3 Machi

Likizo nzima sauti ile ilinifuata. Niko kwa baba, nyumba imetulia, mara inanijia: krrr-cha! Mnyororo umevutwa mara moja, kwa nguvu, halafu kimya.

Ni shangazi huyo, anakagua mlango wa nyuma wa bweni. Kila jioni, giza linapoanza kuingia, huzunguka jengo na tochi yake, hufika kwenye mlango wa ngazi za nyuma, huukamata mnyororo uliopitishwa kwenye vishikio viwili vya chuma, huuvuta kuhakikisha kufuli limeshika, huondoka. Chumba changu kiko ghorofa ya pili, dirisha juu ya mlango huohuo. Wenzangu wana saa. Mimi nina mnyororo. Ukilia, najua siku imekwisha.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba, na ndiye matroni wa bweni letu la wasichana. Mama alipofariki nilikuwa darasa la nne. Shangazi alikuja msibani na begi moja, akaondoka na mawili. La pili lilikuwa langu. Nimekulia kwenye nyumba za matroni. Mwezi wa saba anastaafu. Chuo kimemwahidi mkataba wa mwaka mmoja mmoja ili aendelee na kazi na abaki katika nyumba yake ndogo ubavuni mwa bweni. Ni ahadi ya mdomo tu, na hana nyumba nyingine. Mtu aliyemaliza ujana wake akichunga watoto wa wenzake hakupata nafasi ya kujenga.

Nimechaguliwa tena kuliwakilisha bweni kwenye kamati ya usalama ya chuo. Sikuwa na mpinzani. Mwenzangu wa chumbani, anayesoma sheria na ambaye sote tunamwita Wakili, alinipokea mlangoni akiwa na mswaki mdomoni.

"Karibu, mheshimiwa. Umepita bila kupingwa, kama mafua."

Jumatano, 5 Machi

Mvua imeanza. Kamba za kuanikia zimejaa, na hakuna kinachokauka.

Ijumaa, 7 Machi

Leo tumefanya zoezi la moto. Hufanyika kila muhula, na kila muhula huenda vilevile. Siku moja kabla, Afande humwambia shangazi atoe mnyororo. Afande ndiye mkuu wa ulinzi wa chuo, mwanajeshi mstaafu, masharubu yake utadhani yamepigwa pasi. Shangazi huutoa. Kesho yake saa nne asubuhi kengele hulia, na kila mtu ameshavaa viatu anaisubiri. Tunashuka kwa ngazi za nyuma, maana za mbele ni nyembamba na zinapita kando ya chumba cha umeme. Tunajipanga kwenye nyasi. Afande hutazama saa yake, hutabasamu, hutangaza kwamba tumeshuka vizuri kuliko muhula uliopita. Kabla hatujafika vyumbani, mnyororo umesharudi mahali pake.

Mimi nilivalishwa kizibao cha rangi ya chungwa na kusimama kwenye kona ya ngazi nikionyesha njia kwa mkono, kama askari wa barabarani.

Kwenye nyasi, binti mmoja wa mwaka wa kwanza alinyoosha kidole. Anakaa chumba cha jirani. Walimpa jina la Redio kabla wiki yake ya kwanza haijaisha, kwa sababu hazimwi.

"Afande, samahani. Kwa hiyo moto wenyewe ukitaka kuja, utatupa taarifa jana yake?"

Nyasi nzima ilicheka. Afande naye alicheka. Ni mtu mwema, na hilo ndilo linalonichanganya.

"Binti, moto hauna adabu hiyo. Ndiyo maana tunafanya mazoezi. Ukisikia kengele, unakwenda wapi?"

"Ngazi za nyuma."

"Sema tena."

"Ngazi za nyuma, Afande!"

"Hata usingizini," alisema Afande. "Miguu ijue yenyewe."

Wakili hakushuka. Hajawahi kuhudhuria zoezi hata moja. Anasema mtu mzima haigizi kukimbia.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Redio ameanika soksi kwenye mpini wa mwavuli, mwavuli wenyewe umelowa. Amenieleza sababu zake kwa kirefu.

Jumamosi, 15 Machi

Kikao cha kamati kilikuwa jana. Bweni la wavulana wameibiwa kompyuta, mwizi amepitia mlango wa nyuma uliokuwa umeegemezewa tofali. Afande alieleza kwa upole kwamba mabweni yenye mnyororo hayajaguswa. Mlezi wa wanafunzi, ambaye ndiye mwenyekiti, alitikisa kichwa kukubali.

Nilifungua kijitabu cha mwongozo wa usalama, kile tunachopewa sote siku ya kwanza, nikasoma kwa sauti: milango ya dharura isifungwe kwa kufuli wakati wowote.

"Haujafungwa kwa kufuli," alisema Afande. "Umefungwa kwa mnyororo. Kufuli limefunga mnyororo."

Hakuwa anatania.

"Binti yangu," aliendelea, "wewe si unasoma takwimu? Niambie, tangu umefika hapa, tumepata wezi wangapi?"

"Wengi."

"Na moto?"

"Hakuna."

"Basi umenijibu mwenyewe."

Mlezi wa wanafunzi alisema upo mlango wa kisasa, ambao kwa ndani unausukuma tu ukafunguka, na kwa nje haufunguki hata uupigie magoti. Umo kwenye mipango ya mwakani. Nilimkumbusha kwamba umekuwa kwenye mipango ya mwakani tangu mwaka juzi. Alisema ndivyo mipango ilivyo.

Jibu la kumpa Afande lilinijia nikiwa njiani, narudi, mvua ikinipiga: tukio ambalo halijawahi kutokea si tukio lisiloweza kutokea. Hayo tulifundishwa muhula wa kwanza kabisa. Mimi majibu yangu hunifika yakiwa yamechelewa, kama wageni wa mbali.

Nilipomsimulia Wakili habari za kufuli na mnyororo, alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akaketi.

"Na mwenye ufunguo ni nani?"

"Shangazi."

"Kuna maandishi yoyote yanayosema nani aliamuru ufungwe?"

"Hapana. Afande alimwambia tu."

"Basi mwombe Mungu huo mlango usije ukaulizwa swali."

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Mtihani mdogo. Shuka langu lina harufu ya kisima.

Jumamosi, 22 Machi

Nilikwenda kunywa chai kwa shangazi na hotuba yangu kichwani. Nilitaka kumwambia kwamba anatumika, kwamba Afande anaamuru na yeye ndiye anayeshika ufunguo. Muhula huu nimekuwa nikimtazama kwa jicho ambalo silipendi: mwanamke mnene na tochi, anayewafungia watu ndani na kwenda kulala. Nilishaanza kumwonea aibu mbele ya wenzangu.

Alikuwa anabandika kiraka kwenye mwavuli. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Umesema vizuri," alisema. "Sasa kunywa chai, inapoa."

"Shangazi, sitanii."

"Najua hutanii. Tangu mtoto hujui kutania. Ndiyo maana sikukuambia mapema."

Akanieleza. Kabla hajanichukua, alikuwa matroni wa bweni jingine, chuo kingine. Mlango wa nyuma wa kule haukufungwa kamwe, kwa sababu mwongozo ulisema usifungwe. Jioni moja mtu aliingia kwa mlango huo akamkuta msichana kwenye ngazi, peke yake, anapanda na ndoo ya maji. Shangazi alisikia ndoo ikianguka, akadhani ni kawaida. Ndoo huanguka bwenini kila siku. Alipofika yule mtu alishakimbia. Msichana hakufa, lakini hakusoma tena. Wazazi walimfuata wiki hiyohiyo.

"Alisahau ndala yake moja kwenye ngazi," alisema shangazi. "Nilikaa nayo mwaka mzima nikidhani atairudia. Wewe ukipita pale unauona mnyororo. Mimi naiona ndala."

Alirudi kwenye kiraka chake. Nilikunywa chai, kweli ilikuwa imepoa.

Alhamisi, 27 Machi

Jioni mnyororo umelia. Kwa mara ya kwanza muhula huu nimeusikia bila kinyongo. Chini pale kuna mtu anayeogopa kwa niaba yetu.

Alhamisi, 3 Aprili

Hatukusoma leo. Nitaandika ya jana, polepole.

Nilikuwa natoka maktaba jioni, mwavuli mkononi, mvua si kubwa. Nilipofika karibu na bweni nikasikia kengele. Wazo langu la kwanza lilikuwa hili: mbona hatujaambiwa? Ndipo nilipoona moshi ukitoka dirisha la ghorofa ya kwanza, upande wa mbele, mweusi, hauna haraka.

Nilizunguka nyuma, kwenye nyasi, kwa kuwa huko ndiko tunakokutana. Nyasi zilikuwa tupu. Nilisikia mnyororo.

Ilikuwa sauti ileile, ila haikuwa mara moja. Ililia, ikalia, ikalia, bila kupumzika. Walikuwa wanausukuma mlango kutoka ndani. Mbao mbili za mlango zilikuwa zinaachana upana wa kidole tu, mnyororo unakaza, zinarudi. Wote walikuwa nyuma ya mlango ule. Walifanya vile hasa walivyofundishwa. Miguu ilijua yenyewe.

Kwenye ule ufa palikuwa na vidole. Viwili vilikuwa na rangi ya bluu kwenye kucha, na nilivijua, kwa sababu Jumapili nilisimuliwa habari za rangi hiyo kuanzia dukani.

"Dada mjumbe," ilisema sauti ya Redio, chini kabisa, karibu na kitasa. "Dada, fungua."

"Ufunguo unakuja. Usisukume. Waambie wa nyuma wasisukume."

"Hawasikii. Dada, fungua basi."

Aliniomba kama mtu anavyoomba chumvi kwa jirani. Nilivishika vile vidole. Sikuwa na kitu kingine cha kufanya. Juu yetu watu walikuwa wanakohoa, na mtu mmoja alikuwa anapiga kelele kwamba ngazi za mbele zimejaa moshi, wasirudi. Mbao zikabana tena, na Redio akalia mara moja tu.

Shangazi alitokea kwenye kona ya jengo akikimbia. Sijawahi kumwona akikimbia. Ndala moja ilikuwa imebaki kwenye matope, alikuwa na moja mguuni. Alikuja na ufunguo mkononi, lakini kufuli lilikuwa limelowa. Alijaribu, ukateleza. Alijaribu tena.

"Nipe," nilimwambia.

Alinipa. Nilifungua. Walitoka kama maji, wengine wakianguka, na shangazi akawa anawapokea mmoja mmoja, akiwagusa vichwani, akihesabu kwa midomo bila sauti.

Hakuna aliyekufa. Moto wenyewe ulikuwa mdogo. Msichana wa ghorofa ya kwanza alikuwa ametundika suruali ya jinzi kwenye kiti juu ya jiko la koili ili ikauke, akaenda kuoga. Mlinzi aliuzima kwa mtungi mmoja wa kuzimia moto. Moshi ndio uliokuwa mwingi. Mmoja wetu alilazwa zahanati kwa ajili ya kifua, ametoka leo. Redio amefungwa bandeji vidole viwili.

Na Wakili? Wakili alishuka kwa ngazi za mbele, kitambaa puani, kabla moshi haujashika. Alikuwa wa kwanza kutoka. Hakuna aliyewahi kumfundisha kwenda nyuma.

Ijumaa, 4 Aprili

Limebandikwa tangazo: tukio dogo, limedhibitiwa, wanafunzi wanapongezwa kwa utulivu. Chini yake mtu ameandika kwa kalamu: asanteni.

Jumanne, 8 Aprili

Kikao cha dharura. Shangazi aliitwa. Alivaa gauni lake la kijani, lile la mahafali yangu ya sekondari, akakaa kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango, mkoba magotini.

Afande alisoma taarifa yake. Alisoma vizuri, bila kupandisha sauti. Kengele ililia kwa wakati. Mtungi ulifanya kazi. Kulikuwa na ucheleweshaji kidogo kwenye mlango wa nyuma, kwa kuwa mbao zilivimba kwa mvua na mlango ukakwama.

Niliinua mkono. "Mlango haukukwama. Kulikuwa na mnyororo."

"Mnyororo upo siku zote," alisema Afande. "Huning'inia pale. Haukuwa umefungwa."

Mlezi wa wanafunzi alivua miwani. Nilimtazama usoni nikaona kwamba anajua. Alikuwa anachagua tu neno lipi litamgharimu kidogo.

"Matroni," alisema kwa upole, "wewe ndiye mwenye ufunguo. Ulikuwa umefungwa, au ulikwama?"

Sasa nimeelewa swali lile lilivyotengenezwa. Akisema ulifungwa, aliyefunga ni yeye. Hakuna karatasi inayosema Afande alimwagiza. Mwongozo unakataza, mlango umefungwa, ufunguo ni wake. Kwaheri mkataba, kwaheri nyumba. Akisema ulikwama, wa kulaumiwa ni mvua.

Shangazi aliutazama mkoba wake.

"Ulikwama," alisema.

Wote walinigeukia mimi. Nilikuwa bado nimesimama. Ufunguo ule niliushika kwa mkono wangu, nilisikia kufuli likiachia. Ningesema hivyo, ningekuwa nimemwita mwongo mbele ya wakubwa wake mwanamke aliyeondoka msibani na begi langu. Nilikaa.

Tulitoka pamoja. Mvua ilikuwa imeacha. Tulitembea mpaka karibu na nyumba yake.

"Utakula?" aliniuliza.

"Nimeshiba."

"Hujala tangu asubuhi."

"Nimeshiba, shangazi."

Aliingia ndani. Hakufunga mlango wake. Aliuacha wazi kidogo, kama mtu atakayerudiwa. Sikurudi.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Redio haongei. Anasalimia, anapita. Ghorofa nzima inasikia namna anavyonyamaza. Wakili alimwambia, "Wewe, betri zimeisha?" Alitabasamu kwa adabu. Wakili alirudi chumbani akalala akiutazama ukuta.

Jumatatu, 14 Aprili

Jioni mnyororo haukulia.

Nilishuka kuangalia. Ulikuwa umefungwa. Ila shangazi hakuja kuuvuta.

Jumatano, 16 Aprili

Haukulia. Nimeona tochi yake ikifika kwenye kona ya jengo, ikasimama, ikageuka.

Wiki nzima nimekuwa nikimkasirikia kwa neno moja. Leo nimejiuliza yeye anamkasirikia nani. Anazo ndala mbili sasa, ya yule msichana na yake mwenyewe, na kila moja inamwambia kinyume cha nyenzake. Mimi nilidhani ni mtu asiyefikiri. Kumbe ndiye peke yake kati yetu aliyekwisha kuona yote mawili: mlango uliokuwa wazi na mlango uliokuwa umefungwa.

Jumanne, 22 Aprili

Barua imetoka kwa zimamoto. Mkaguzi wao atakuja Ijumaa, na ametaka zoezi lifanyike mbele ya macho yake. Afande ametangaza kwenye kamati: Ijumaa, saa nne asubuhi. Viatu vifungwe vizuri. Mkaguzi atasimama mbele ya bweni na Mlezi wa wanafunzi, kisha watazunguka nyuma kutazama wasichana wakitoka.

"Na mnyororo?" niliuliza.

"Utatolewa Alhamisi," alisema, bila hata kuona amesema nini. "Kama kawaida."

Alhamisi, 24 Aprili

Shangazi alimtuma Redio kuniita. Redio alisimama mlangoni, akasema "Unaitwa na matroni", akaondoka. Siku za nyuma sentensi hiyo ingechukua robo saa.

Nilimkuta shangazi kitandani, miguu juu ya mto, ameipaka dawa ya maumivu. Chumba kizima kilinuka kafuri.

"Magoti," alisema. "Mvua hii imeniingia mpaka kwenye mifupa. Siwezi kuzunguka lile jengo. Chukua ufunguo pale juu ya kabati, kesho asubuhi kabla ya zoezi kanifungulie mnyororo."

Miaka yote niliyoishi naye, hajawahi kumpa mtu ufunguo ule. Hata mimi. Siku ya moto nilimwomba.

"Naweza kuufungua sasa hivi," nilisema.

"Nimesema kesho."

"Afande amesema leo."

"Afande ana magoti yake, mimi nina yangu."

Niliuchukua. Alikuwa amefumba macho. Nikiwa mlangoni aliniita kwa jina la utotoni, lile ambalo hakuna mtu mwingine aliye hai anayelitumia.

"Yule mtoto vidole vimepona?"

"Vinapona. Ila haongei."

"Mm," alisema. "Nimesikia."

Ijumaa, 25 Aprili

Leo jua limetoka. Kamba zimejaa nguo, na kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze zinakauka.

Nimeamka mapema nikaenda kugonga kila chumba cha ghorofa zote, nikiwa na kizibao cha rangi ya chungwa. Nimewaambia: tembeeni, msikimbie, mkifika chini mlango usipofunguka, simameni, msisukume, mimi niko upande wa pili na ufunguo. Wengine wameniuliza kwa nini mlango usifunguke. Nimewajibu kwamba siku ile haukufunguka. Redio amenitazama kwa muda mrefu.

"Dada mjumbe," amesema, "na mkaguzi atakuwa wapi?"

"Kwenye nyasi. Ana kwa ana na mlango."

Ameinua vidole vyake viwili vyenye bandeji, akavitazama kama vitu vya kuazima.

"Basi mimi nitashuka wa kwanza," amesema. Halafu akaongeza: "Na nitamsalimia kupitia ule ufa. Nitamwambia shikamoo. Nitamuuliza kama amekuja na funguo zake." Akaendelea. Nilimwacha akiwa bado anaongea, na nikasikia vyumba viwili vikicheka.

Nilipita kwa shangazi. Alikuwa ameketi mezani, amevaa lile gauni la kijani, viatu miguuni, chai mbele yake. Magoti yake yalionekana hayana neno.

"Shangazi, mnyororo sijaufungua. Na sitaufungua mpaka mkaguzi auone."

Alitazama saa ya ukutani. Kulikuwa na muda. Angeweza kunyoosha mkono, nami ningempa ufunguo. Nilikwisha kuamua kwamba akiuomba nitampa, ni wake. Kama hukumu ingemwangukia mtu, ingemwangukia yeye kabla ya Afande, na wote wawili tulijua.

"Wataniuliza," alisema.

"Watakuuliza."

"Safari hii wataniuliza pale pale mlangoni, mbele ya wale watoto." Alizungusha kikombe kwenye kisahani. "Pale siwezi kusema ulikwama."

"Mimi nitasimama karibu na wewe."

"Wewe utasimama kwenye mlango, ndiko kuna kazi." Alikunywa chai. "Ufunguo uko wapi?"

"Mfukoni."

"Usije ukaupoteza," alisema, akanisogezea sahani ya mkate. Nilikula.

Sasa niko kwenye nyasi, daftari juu ya goti. Kule mbele nasikia gari la zimamoto likiegeshwa na Afande akimkaribisha mkaguzi kwa sauti ya furaha. Shangazi amekuja polepole akasimama kivulini, mkoba mkononi.

Kabla sijakaa hapa nilikwenda mlangoni, nikaukamata mnyororo na kuuvuta mara moja, kwa nguvu. Kufuli limeshika. Nimeuacha hivyohivyo.